Nesi Hakuwahi Kukiri

Watu wazima, akili zao timamu, wamekaa mahali wakaamua tamthilia haina watazamaji wa kutosha, basi ikatwe. Mimi na dada yangu hatutoshi?

Tangazo lilipita chini ya kioo cha runinga mara moja tu: Wadi ya Saba imefikia tamati. Nilikuwa na mkasi mkononi, gauni la mteja limelala mezani halina mikono. Tamati gani, wakati Nesi bado kasimama mlangoni kwa dada yake, hajasema neno?

Huyo Nesi alimuuguza baba yao katika wadi yake, na kwa kinyongo tu hakumwita dada yake aliyeolewa mbali. Mzee alifariki akimuulizia. Nesi akasema alikufa ghafla. Sehemu tisini na mbili tulisubiri akiri.

Mimi na dada tulinuniana miaka minne tangu mazishi ya mama. Siku moja akapiga simu, hata salamu hakuna: "Hebu washa runinga, uone mtu mwenye roho ya korosho." Tangu hapo, kila saa kumi na mbili jioni, simu begani, pini mdomoni, tunamsema Nesi. Yetu hatuyagusi. Dada hakuwa na huruma naye hata chembe, na mimi nilimtetea mpaka jasho likanitoka.

"Amekupa nini huyo?" aliniuliza siku moja. Nikacheka, kicheko kisichofika popote.

Tamthilia ilipokatwa, simu nayo ikanyamaza. Niliendelea kuwasha runinga saa ileile, sauti nimeizima. Wametuwekea kipindi cha mapishi. Jua la mwisho lilipenya pazia, chumba kikageuka rangi ya chai, nami nikishona namwona Nesi anapita. Kweli tena. Anapita katikati ya nguo zilizotundikwa, viatu havina sauti, anakaa kwenye kiti cha wateja. Nyuma ya kabati langu korido ya hospitali inaanza, ndefu, nyeupe, na mwisho wake kuna kitanda. Mama amelala pale. Ananiuliza dada yako yuko wapi, namjibu yuko njiani, mama. Cherehani inakwenda, mguu wangu hata siusikii.

Dada hakuwa njiani. Sikumwita. Naye anajua mama alikata roho ghafla, asubuhi moja, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia mimi.

Ningeweza kumpigia. Niliogopa. Bila Nesi tungeongea nini? Nilimkumbuka dada yangu mpaka chakula hakipiti, na nilijua tukinyamaza wiki nyingine tutarudi kulekule tulikotoka, na safari hii hakuna wa kututoa.

Siku ya kumi simu ikalia.

"Umeona walivyotufanya hawa watu?" dada akasema.

"Nimeona, dada."

"Mimi hata usingizi sipati. Hivi wangempa sehemu moja tu, moja, angemwambia nini dada yake?"

Kwenye kioo mpishi alikuwa anakoroga sufuria. Nesi akainuka kitini, nikadhani anakuja kunisemea. Akapita zake kwenye korido, akafunga mlango, na nyuma ya kabati pakabaki ukuta tu.

"Angesema mama hakufa ghafla," nikasema.

Kwa Nesi aliyekufa alikuwa baba. Dada hakunisahihisha.

"Aliugua siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Aliniulizia?"

"Kila asubuhi. Namba yako ilikuwa hapa hapa, dada. Nilikuwa na hasira na wewe."

Nilingoja akate simu. Ningekuwa mimi ningekata, mimi najijua. Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Anzia siku ya kwanza," akasema. "Usiruke hata moja."