Taa ya Saba

Tangu saa nane mchana Edna alikuwa akihangaika na taa, na taa zimekataa kuwaka. Alikuwa amezizungushia kwenye bua kavu la mkonge, lile lenye matawi juu, maana nyumba za kambi ya shamba la mkonge pale Ngombezi hazijawahi kujua mti mwingine wa Krismasi. Waya mmoja, taa ishirini. Moja ikigoma, zote zinagoma.

"Zitupe hizo," kaka yake Abraham alimwambia kwa simu kutoka Dar. "Korogwe mjini mpya zimejaa tele."

Rahisi kusema ukiwa Dar. Taa hizo alizinunua baba yao Matayo, Edna akiwa darasa la pili, na hii ilikuwa Krismasi ya kwanza bila baba. Alizitaka ziwake kuliko alivyoitaka pilau yenyewe.

Tena ukweli usemwe, zilikuwa na tabia mbaya tangu zamani. Kila mkesha ziligoma, na kila mkesha baba alikuna kidevu akasema, "Edna, kamwite mzee Mhina." Mzee Mhina, fundi umeme wa kiwandani, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mwislamu, mkewe alishafariki, watoto wametawanyika. Kumkaribisha chakula hivihivi ulikuwa unajisumbua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alilitaka siku ya kwanza, kabla hajakaa. Basi atakuja na bisibisi yake, atahangaika, taa zitawaka, ndipo atakubali sahani, na yeye na baba watacheka mambo ya kiwandani mpaka jioni. Edna alivikumbuka vicheko vile.

Tangu mazishi ya baba, mwezi wa nne, mzee hakukanyaga tena pale. Anasalimia kutoka barabarani, anapita zake. Edna hakutaka kumsumbua, ndiyo maana alizikagua mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Ya saba ilikuwa imevutwa nusu nje ya holda yake, ikafungwa kwa uzi wa katani isidondoke. Fundo lilikuwa la baba, lile la kufungia magunia. Na aliyezikunja taa hizo Januari, ugonjwa umeshamkalia, alikuwa baba mwenyewe.

Edna akakaa sakafuni. Miaka yote ile, baba mjanja yule. Hata Krismasi ambayo hakutegemea kuiona, alikuwa ameshaiandalia hitilafu yake. Alicheka peke yake, machozi yakimtoka.

Akaisukuma ndani, akachomeka waya. Taa zote zikawaka. Akazitazama kwa muda, kisha akachomoa waya, akaivuta ile ya saba nusu nje, akalifunga fundo vilevile. Akavaa kandambili, akaenda nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Taa zimegoma tena."

Mzee Mhina alimwangalia, kisha akaingia ndani kufuata bisibisi.

Alipofika aliketi mbele ya bua, akaanza na taa ya kwanza, taratibu, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Edna alimtazama kutoka jikoni mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, hujaijaribu ya saba?"

"Ya saba naijua tangu mwaka wa kwanza," mzee alijibu bila kugeuka. "Pilau imeiva?"

"Bado."

"Basi usiniharakishe."