Linki Mia Tatu

Ilikuwa siku ya tatu simu ya karakana haijaita. Kwa kawaida, kabla ya saa nne asubuhi, wazazi watano au sita walikuwa wameshapiga kuulizia viatu vya kunyooshea miguu ya watoto wao. Fundi akaweka chini kisu cha kukatia ngozi.

"Mtaalamu, hebu angalia hiyo simu kama ni nzima."

Mtaalamu alikuwa mdogo wake wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Jina hilo alipewa na familia kwa utani, siku alipotengeneza mashine ya kuchapia kwa kuichomeka kwenye umeme. Ndiye aliyeendesha tovuti ya karakana.

"Ni nzima, dada," alijibu bila kuigusa.

Alijua kilichotokea. Tangu Jumapili, kila alipotafuta viatu hivyo mtandaoni, tovuti yao ilitokea ukurasa wa nane, ambako hakuna mzazi anayefika.

Miezi minne nyuma alikuwa akiandikia kliniki na vyama vya wazazi, akiwaomba waitaje karakana kwenye tovuti zao na kuweka linki, yaani kiungo cha kumleta msomaji kwao; tovuti yenye viungo vingi hupanda juu kwenye utafutaji. Aliandika barua kumi na mbili, akajibiwa mbili. Uvumilivu ukamwishia. Mtu mmoja wa mtandaoni akamwahidi linki mia tatu kwa wiki moja, naye akakubali kimyakimya. Kweli wakapanda hadi nafasi ya kwanza, na dada akatamba mtaa mzima. Kumbe linki zote zilitoka kwenye tovuti za kamari na dawa feki za kupunguza unene. Injini ya utafutaji ilipogundua, ikawashusha.

Saa nne akaingia daktari wa viungo kutoka hospitali ya watoto. Walikuwa wakimtarajia. Hospitali ilikuwa inaandaa ukurasa wa mafundi wanaoaminika, na yeye alitaka kuikagua karakana. Alipima soli, akavuta mikanda, akaridhika. Kisha akakaa na kufungua kompyuta yake.

"Sasa niione na tovuti yenu. Hospitali haiweki linki ovyo."

"Hapo huna wasiwasi," dada alisema akitabasamu. "Sisi ndio wa kwanza."

Jasho jembamba likamtoka Mtaalamu. Akajiambia anyamaze tu, huenda daktari asichimbe sana.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja aliingia amembeba bintiye, mtoto wa kama miaka miwili, akamketisha kwenye benchi na kumvua kiatu taratibu. Kisigino kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu.

"Dada yangu alinisifia kazi yenu," mama alisema. "Nikawatafuta mtandaoni Jumapili, sikuwaona. Nikachukua hivi kwa waliotokea juu."

Dada alipiga magoti, akakishika kile kisigino. "Hukutuona? Lakini sisi..." Akamgeukia mdogo wake.

Mtaalamu akajikaza kisabuni. "Tumeshushwa, dada. Kosa ni langu."

Akaeleza yote, macho yake chini. Daktari alianza kusafisha kidonda, akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo jina la hospitali lingekaa kwenye msururu mmoja na kamari. Siwezi kuwaweka sasa. Safisheni kwanza, nitaangalia tena baada ya wiki sita."

Walipobaki wawili, dada aliandika vipimo vya mguu wa yule mtoto kwenye daftari.

"Umenisemesha uongo mbele ya mgeni," alisema. "Mimi natengeneza viungo vya watoto, wewe unaniharibia vya tovuti."

Utani ulikuwemo, lakini hakucheka, na Mtaalamu hakuthubutu kucheka.

Akaanza siku hiyohiyo. Aliwaandikia wenye tovuti zote mia tatu akiwaomba waondoe linki. Arobaini na mmoja waliondoa, mmoja akamtukana, wengine kimya. Linki zilizobaki akaziorodhesha na kuiomba injini ya utafutaji isizihesabu. Dada naye akamsimulia, neno kwa neno, jinsi mzazi anavyoweza kuupima mguu wa mtoto nyumbani na dalili za kiatu kinachoumiza. Mtaalamu akayaandika kuwa makala ya tovuti, na daktari akakubali kuisahihisha. Chama kimoja cha wazazi kiliisoma na kuweka linki bila kuombwa, kisha kliniki mbili.

Wiki ya sita walikuwa ukurasa wa pili. Daktari alirudi, akapitia orodha nzima ya linki mbele yao, polepole. Mwishowe akasema, "Kesho mtakuwemo kwenye ukurasa wetu."

Dada alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alivuta kigoda akaketi mbele ya kompyuta, mikono bado ina gundi.

"Nionyeshe unavyojua nani katuwekea linki," alisema. "Kuanzia leo tunaangalia wote wawili."

Mtaalamu akasogea pembeni kumpisha.