Mstari wa Rahabu

Rahabu alikuwa anachuja pombe ya mtama kilabuni kwake, Ilongero, pale lori la chama lilipomleta katibu kutoka Singida mjini. Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria alikuwa amefariki, kiti kiko wazi, na chama kilitaka mtu wa kukikalia kabla Waingereza hawajafunga virago. Watu walikuwa wamejaa tayari. Kwa Rahabu watu hawakosi. Wasipofuata pombe hufuata umbea.

"Wanaotaka kiti wasimame mbele," katibu alisema. "Anayemtaka mtu wake apange mstari nyuma yake."

Nyuma ya Nathanaeli, karani wa bomani, alisimama shemeji yake na mbuzi wa shemeji yake. Nyuma ya Rahabu mstari ulipita kilabu, ukapita kanisa, ukaishia kwenye mashamba ya uwele. Hakuwa ameahidi makubwa. Mwaka juzi matarishi wa bomani walimvunjia vyungu kwa kupika pombe bila kibali, na Nathanaeli ndiye aliyewaonyesha vilipo. Rahabu alitaka kwenda Dar es Salaam kuifuta sheria ile, basi.

Katibu aliutazama mstari, akaguna, akasema jina litatoka makao makuu.

Jioni Rahabu alipokwenda kisimani, mstari ulikwenda naye. Haukuwa ubishi, miguu ya watu ilikataa tu kuachana na ya mbele yake. Walikula wamesimama, wakalala wamesimama, mkono begani kwa mwenzake. Luciana alijifungua humohumo, na mtoto akapewa nafasi nyuma ya mama yake. Siku Rahabu alipokwenda mjini kununua chumvi, Kurji mwenye duka alichungulia nje, akaona barabara imejaa.

"Mama Rahabu, hawa wote wanataka chumvi?"

"Wananitaka mimi."

"Sawa, lakini wasizibe mlango."

Mvua zilipokwisha katibu alirudi na jina. Lilikuwa la Nathanaeli.

"Kule wanazungumza Kiingereza, mama," alimwambia Rahabu kwa upole.

"Na vyungu vyangu vilivunjwa kwa lugha gani?"

Mstari ukacheka. Kicheko kilianzia mbele, kikafika kwenye uwele katibu akiwa ameshapanda lori. Chama kingine hakikuweka mtu, kwa hiyo Nathanaeli akapita bila kupingwa.

Siku ya kuondoka, gari lake lilizama kwenye mchanga wa korongo, chini kidogo ya kilabu. Hakushuka, maana suti ilikuwa mpya. Alitoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama. Naomba watu wako wanisukume."

"Marahaba. Waombe mwenyewe."

Akawaomba. Hakuna aliyesogea hata unyayo. Mzee Simeoni, aliyekuwa wa kwanza nyuma ya Rahabu, akamgusa bega.

"Mwanangu, unajua hatuendi usipotangulia. Na gari likibaki hapo, kisimani tutapita wapi?"

Rahabu akatema mate pembeni, akajifunga kanga vizuri, akaweka viganja kwenye gari. Mstari mzima ukasukuma nyuma yake. Gari likachomoka, likawamwagia vumbi, likashika njia ya Dodoma.

Wiki ileile matarishi walikuja kwa ajili ya vyungu. Walikuwa vijana wenye adabu zao. Walianzia kwenye uwele, wakaamkia mkubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na kila mmoja akawaitikia. Walipomfikia Rahabu jua lilikuwa linatua. Wakamwamkia naye, akaitika marahaba, wakaingia ndani wakavunja.