Mstari Nilioruka

Sisi tunaotafsiri Maandiko tuna tabia moja ambayo mtu akitukuta nayo bila kuonywa anaweza kuita askari. Mstari ukitushinda, tunauigiza. Siku hiyo tulikuwa tumefika kwa yule mama wa Shunemu aliyekwenda kumfuata nabii kwa ajili ya mwanawe wa pekee, na Mzee Kamusi alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya ofisi, viatu vikining'inia, ameukumbatia mto wa kiti uliokuwa ndiye mtoto.

"Haiwezekani," akasema, mdomo ukiwa umezama kwenye mto. "Ama mdomo ufike mdomoni, ama viganja vifike viganjani. Vyote viwili kwa mtoto mdogo, haiwezekani."

Mzee Kamusi ni mchungaji mstaafu, mrefu kama ngazi, na jina hilo tumempa kwa sababu Kiebrania kimemkaa kichwani kuliko majina ya wajukuu zake. Yeye anatoa maana, mimi naitafutia Kiswahili ambacho mtu atakisoma bila kukunja uso. Tuna miaka kumi na moja katika chumba chenye meza moja na feni inayozunguka ikijisikia, na tumeshagombana juu ya kila kitu isipokuwa chai.

Tafsiri tulizokulia zinasema nabii alijinyosha juu ya mtoto aliyekufa. Kamusi hakuridhika. Alinieleza kwamba kitenzi hicho kinapatikana mara tatu tu katika Maandiko yote: mara mbili hapa, na mara moja kule mlimani, nabii mwingine alipoinama mpaka chini akatia uso katikati ya magoti yake. Mtu aliyetia uso katikati ya magoti hajajinyosha, alisema, huyo amejikunja. Akauhamishia mto sakafuni, akapiga magoti, akaegemea viwiko, akajikusanya mpaka yule mzee mrefu akawa furushi. Mdomo ukafika, viganja vikafika. Kilichogoma ni mgongo kurudi, ikabidi nimwinue.

Alipopata pumzi akarudi kwenye fimbo, maana fimbo ilikuwa inamsumbua tangu asubuhi. Kabla ya kuja mwenyewe, nabii alimtuma mtumishi wake atangulie mbio, akaiweke fimbo juu ya uso wa mtoto. Haikuleta kitu. Kiebrania kinasema kwa mkato kwamba hapakuwa na sauti wala wa kusikia. Kamusi akasema pengine hapo ndipo uchawi na muujiza vinapoachana njia: uchawi hutumwa, mwenyewe akabaki mbali na mikono yake misafi, lakini muujiza ulimtaka mtu aje, afunge mlango, alale na maiti. Nikamwambia hayo ayaweke kwa ajili ya mahubiri, mimi nangoja kitenzi. Ila yalinichoma, kwa sababu na mimi nilikuwa na fimbo yangu ya kunisumbua.

Yangu ilikuwa kitambaa. Binti yangu, fundi cherehani, alikuwa amejifungua siku tisa kabla, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na robo, vidole kama njiti za kiberiti. Mkwe wangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Kila asubuhi alipiga simu na kila asubuhi alilia. Wauguzi walishamweleza binti yangu kwamba dawa kubwa ya mtoto kama yule ni kifua cha mama yake: alazwe hapo bila nguo, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa shuka, akae saa nyingi apate joto na kujifunza kupumua. Binti yangu alikataa. Maziwa alikamua kwa bidii, akayapeleka katika kikombe, kisha akarudi kuketi kwenye kiti cha plastiki mbali na kitanda cha mtoto, mikono ameifungia kwapani. Badala ya kumshika mwanawe, alimpa muuguzi kitambaa cheupe kilichoombewa na mhubiri mmoja, akiomba kiwekwe juu ya mtoto.

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia kile ni kitambaa cha kufutia vyombo, na kwamba sijaona mama anayemwachia mtoto tambara halafu akasema ana imani. Hakunijibu. Siku tatu nzima hakunijibu, na mtoto alikuwa anapungua. Asubuhi ile ya mto na meza, muuguzi mkuu alikuwa amenivuta pembeni akaniambia gramu hamsini zimeondoka, miguu ni ya baridi, bibi, zungumza na mwanao kabla hatujachelewa. Nizungumze naye vipi, na mlango nimeufunga kwa mdomo wangu mwenyewe?

Sababu ya hofu yake niliijua. Miaka miwili nyuma alizaa mvulana. Aliishi siku nne, akafia mapajani pake saa sita mchana, mimi nimekwenda kutafuta maji ya moto. Baada ya mazishi nilimwambia asilie sana, Mungu atatoa mwingine, na tangu hapo sikumtaja tena yule mtoto. Nilidhani kunyamaza ndiko kumsaidia.

Sasa, ofisini kwetu kuna sheria ambayo Kamusi hakubali ivunjwe. Sura haiendi kwa kamati mpaka isomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaiona, naye aisimulie upya kwa maneno yake. Akiongeza kitu, tunajua tumeacha pengo. Akipunguza, tunajua tumejaza maneno. Mtu huyo tunamwita Sikio, na Sikio letu kwa miaka sita ni huyohuyo binti yangu. Kamusi alimteua kwa sababu hana aibu: sentensi ikimchosha anapiga miayo mbele yako.

Tulipomaliza kuandika "akajikunja", Kamusi akauliza Sikio letu liko wapi. Alijua liko wapi. Nikamwambia tutafute mwingine, sura hii si ya kumsomea mtu aliye wodini. Akachukua kofia yake, akachukua kitabu chake cha Kiebrania, akasema basi twende tukamsalimie tu.

Tulimkuta katika chumba kidogo cha kina mama kilicho kando ya wodi, mchana, jua limejaa dirishani. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo ukutani, yeye kwenye kiti chake mlangoni. Alimpa Kamusi shikamoo, mimi akaniinamishia kichwa tu. Kamusi hakumpa pole ndefu. Alimsimulia habari za meza, mto na mgongo wake, na mwanangu akacheka kidogo kwa pua. Nilikuwa nimeusahau mcheko huo.

"Mmekuja na sura gani?" akauliza.

Nikasema hakuna haraka, itangoja. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Soma, mama. Nimechoka kusikiliza mashine."

Nikatoa karatasi. Kamusi akafungua kitabu chake, akaweka kidole kwenye mstari ili anifuate, kama afanyavyo siku zote. Nikasoma jinsi yule mama alivyomjengea nabii chumba, jinsi alivyopata mtoto akiwa amekwisha kukata tamaa, jinsi mtoto alivyokua akamfuata baba yake shambani kwa wavunaji, akalia kichwa changu, kichwa changu, na baba akaamuru apelekwe kwa mama yake. Mstari uliofuata niliuona unakuja. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri. Nikamtupia jicho binti yangu, mikono kwapani, macho kwangu, na ulimi wangu ukaruka. Nikaenda moja kwa moja mpaka pale mama anapoomba punda.

Kidole cha Kamusi kikasimama. Akanitazama juu ya miwani, kisha akakisogeza kidole mpaka nilipokuwa.

Nikasoma hadi mwisho: fimbo isiyoleta kitu, nabii aliyefunga mlango akaomba, akajikunja juu ya mtoto mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, viganja kwa viganja, mpaka mwili ukapata joto, chafya saba, na nabii akamwita mama akamwambia, mchukue mwanao.

"Haya, simulia," Kamusi akamwambia kwa upole.

Akaanza. Binti yangu husimulia kama anavyokata kitambaa, bila kurudi nyuma. Alipita kwenye chumba, akapita kwenye mtoto, akafika shambani, akamrudisha mtoto nyumbani akiwa na kichwa chake kinachouma. Hapo akakwama.

"Mama, hapa kuna pengo."

Nikamuuliza wapi, nikijifanya mjinga.

"Mtoto anaumwa kichwa, mara mama anatandika punda. Nani anatandika punda kwa ajili ya kichwa? Na huku mwisho nabii anamkuta mtoto amekufa. Amekufa saa ngapi? Alikuwa na nani?" Akanikazia macho. "Umeruka."

"Ameruka," akasema Kamusi. Msaliti mkubwa.

"Soma."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikarudi nyuma, nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua: mtoto akakaa mapajani pa mama yake mpaka adhuhuri, kisha akafa.

Nilingoja alie, au anifukuze. Midomo yake ikawa inatembea, kama anapohesabu vipimo vya nguo.

"Alifia mapajani pake," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Halafu nabii anamwita huyohuyo. Hamwiti jirani, hamwiti mtumishi. Anamwambia mchukue." Mikono ilikuwa imetoka kwapani, naye akawa anaitazama. "Mimi nilijua ni mimi. Nilijua nikimshika huyu naye ataondoka, kwa kuwa ni mapaja yaleyale. Na wewe hukusema kitu, mama. Ulimruka mwanangu kama ulivyoruka huo mstari. Nikaona hata wewe unajua ni mimi."

Nilikuwa nimempenda visivyo. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki, na goti langu moja halitaki mambo hayo, nikamshika mikono yote miwili nikamwambia hapana. Sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja. Nikamwambia nilinyamaza kwa woga wangu mimi. Kisha nikamtaja mjukuu wangu wa kwanza kwa jina lake, kwa sauti, jina tulilompa sisi wawili. Binti yangu akalia, nami nikalia, na Kamusi akavua miwani akaanza kuifuta kwa tai yake.

Baada ya muda akajipangusa, akamwita muuguzi.

Kamusi aligeuka akatazama ukuta kwa heshima. Muuguzi alimvua mtoto, akamlaza kifuani pa mama yake, akawafunga shuka. Binti yangu alikuwa amekaa wima, amebana pumzi kama anayebeba sahani za watu. Mtoto akaanza kuteleza.

"Jikunje, mwanangu," sauti ikatoka ukutani. "Usijinyoshe."

Akajikunja. Mabega yakashuka, kidevu kikakaa juu ya kile kichwa kidogo, mgongo mzima ukawa ukuta. Muuguzi akasema kichwa kifunikwe, joto linatorokea hapo, na kofia zilikuwa zimefuliwa hazijakauka. Nikaangaza huku na huku. Kitambaa cheupe kilikuwa kwenye kitanda cha mtoto. Nikakichukua mwenyewe, nikakikunja pembetatu, nikamfunga nacho mjukuu wangu kichwani, fundo dogo nyuma ya sikio.

"Si cha kufutia vyombo?" binti yangu akanong'ona.

"Nyamaza, mtoto amelala."

Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Mkwe wangu alipiga simu, nikamwambia apige baadaye, mke wake ana mtoto mikononi. Akauliza mtoto gani, nikamwambia wako, na akalia kama kawaida yake. Kisha muuguzi akarudi, akaingiza mkono chini ya shuka, akaitafuta ile miguu, akaishika kwa muda.

"Imepata joto," akasema.

Kamusi, uso ukiwa bado ukutani, akayasema maneno hayo kwa Kiebrania, polepole, kama yalivyoandikwa katika sura ile. Hakuna aliyemuuliza maana yake.