Panya wa Dada

Maabara nzima ilijua kwamba panya wa chumba cha mwisho walibeba uvimbe wa dada wa mtunza takwimu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeridhia kipande cha uvimbe wa ini lake kipandikizwe kwa panya, dawa zijaribiwe humo. "Nikishindwa mimi, atapona mwingine," alimwambia mdogo wake huyo. "Ila majibu msiyakalie."

Wakayakalia. Ile dawa iliyomtapisha dada hadi akabaki mifupa mitupu, panya nao walipewa, na uvimbe ukazidi kunenepa. Mdogo mtu alipanga takwimu zote, akaondoa majina ya wagonjwa, akamwomba mkuu wa maabara, ambaye nyuma ya mgongo wake wafanyakazi walimwita "Bwana Baadaye", aziweke kwenye hifadhi ya pamoja ili watafiti wengine wazione.

"Baadaye," mkuu akasema. "Tukizianika sasa, wenzetu watatuwahi kuandika. Tena dawa iliyoshindwa, nani atatusifu?"

"Kuna wagonjwa wanaimeza leo, mkuu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sisi hatufichi. Tunahifadhi."

Wiki hiyohiyo daktari wa hospitali nyingine akaandika: ana mgonjwa mwenye uvimbe kama ule, je, dawa ile wameijaribu kwa panya? Mkuu akaagiza ajibiwe kuwa kazi bado inaendelea. Mtunza takwimu akamtumia majedwali yote. Daktari akampigia simu.

"Umemwepushia mgonjwa wangu mateso," akasema. "Nilikuwa nasita. Hata panya wetu dawa hiyo haikuwafaa, tangu mwaka juzi. Tukadhani tumekosea sisi, tukanyamaza."

Mwaka juzi. Dada aliandikiwa dawa ile mwaka jana. Mtunza takwimu alitaka kumtukana daktari yule. Akamshukuru, akakata simu.

Mkuu alipojua, alimfukuza kazi kwa kutoa siri za maabara. Mdogo mtu alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mume wa marehemu, akamkuta anapiga pasi sare za watoto, akamweleza yote.

"Kwa hiyo wale wa hospitali ile walijua kabla hajaanza kumeza?"

"Walijua, shemeji. Hawakumwambia mtu."

Shemeji akairudia kola ileile, tena na tena, mpaka ikaanza kunuka kuungua. Ndipo akaichomoa pasi.

"Mama yenu usimwambie," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza ameze."