Handaki Upande wa Jikoni

Jumamosi asubuhi Siham alitoka na beseni la nguo, akakuta Ngome ya Mombasa imeota uani kwake, hapo Kingsbury, London, palipokuwa na nanaa. Haikuwa kubwa, ilimfika kifuani. Lakini ilikuwa kamili: kuta za mawe ya matumbawe, pembe zilizochomoza, vizinga vya baruti juu. Nanaa ilikuwa imelaliwa. Siham akaanika nguo.

Rasik, jirani aliyezaliwa Makadara, Mombasa, akachungulia juu ya ua wa mbao.

"Dada, hiyo si Ngomeni? Mumeomba ruhusa kaunsili?"

"Hatujaomba."

"Basi isizidi huu ua. Mimi walinivunjisha stoo."

Matar, mumewe Siham, alikuwa akitembeza watalii Ngomeni kabla hajaja London kuendesha basi. Akaizunguka na kikombe chake cha chai.

"Wameipatia," akasema. "Tizama, kila pembe yaona mguu wa mwenziwe. Aliyeichora hakumuamini mtu."

"Na hili shimo hapa mlangoni mwa jikoni?"

"Handaki. Upande wa bahari hawakuchimba, adui wa baharini huonekana yuwaja. Walichimba upande wa mji." Akapuliza chai. "Upande wa wanaokuamkia kila asubuhi."

Siham akaweka ubao juu ya handaki apate kupita. Ndipo alipoona maandishi mekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi Z ilikuwa imegeuka, vile vile marehemu mamake alivyoipaka kwa mkono wake kwenye ukuta wa nyumba yao, Mji wa Kale. Nyumba hiyo Siham alimwachia nduguye Amir aitunze, mpaka siku atakayostaafu arudi akaishi.

Akampigia.

"Amir, nyumba yaendeleaje?"

"Imara, dada! Kama Ngomeni."

Siham akatazama uani. "Washa vidio niuone ukuta wa mbele."

"Wallahi mtandao wa huku ni balaa. Ntakutumia picha."

Picha ikaja. Ukuta ulikuwapo, na maandishi yalikuwapo. Mama yao, aliyezikwa mwaka juzi, alikuwa barazani akichambua mchele.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Maashallah."

Matar akamwangalia. "Hukumwambia kitu."

"Nimwambie nini? Kwamba nyumba imekuja kwangu? Na ndugu ni huyo mmoja."

Tangu hapo Amir akipiga simu, vizinga hugeuka taratibu, kwa mlio wa kukwaruza, kuielekea simu. Rasik alilalamika kidogo kuhusu ule mlio, akazoea. Siham hutandaza soksi juu ya vizinga, hukauka upesi.

Idi ilipofika, Amir akataka barua ya mwaliko aje kutembea London.

"Na nyumba?" akauliza Siham.

"Usitie shaka, dada. Ntamwachia mtu muaminifu."

"Karibu basi."

Siku hizi Siham akimaliza kuanua nguo, huuvuta ule ubao wa kuvukia handaki akauingiza jikoni. Matar alipomuuliza kwa nini, alimwambia ni kwa sababu ya mvua. Kisha akauhamishia chini ya kitanda, upande wake mwenyewe.