Mtungi Wenye Adabu

Kila Notburga aliporudi kutoka sokoni, salamu alizoshindwa kujibu zilimfuata hadi kwake Matogoro. Zilijipanga barazani, zikasubiri. Asubuhi alizifagia pamoja na majani. Jioni zilikuwa zimerudi. Za wazee zilikuwa nzito, zilimuumiza mgongo.

Si kwamba alikataa kujibu. Mtu akiuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, Notburga alikuwa bado anatafakari ile ya nyumbani mwenzake akiwa ameshapita, amenuna. Wakasema ana maringo, na lisemwalo lipo. Mfinyanzi wa vyungu, maringo ya nini? Jumuiya, iliyosali nyumba kwa nyumba, ikawa inairuka nyumba yake.

Mwaka aliotimiza arobaini, daktari mmoja mjini alimwambia ana usonji, tangu kuzaliwa. Notburga alilia kidogo, kwa kuchoka tu, kisha akaenda kumweleza mama yake.

"Usonji si wa watoto?" akauliza Mama Renatha.

"Na mimi nilikuwa mtoto, mama. Nataka wajue sina maringo."

"Wewe wasalimie tu, mwanangu. Mbona wenzako wanaweza?"

Aliporudi, barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Hakuwa na nguvu ya kufagia tena. Akazizoa zile salamu, akazikanda na udongo, akafinyanga mtungi wa shingo ndefu ambao hakuna mteja aliyeuagiza. Kazi ile ilimfurahisha mno. Alipoutoa motoni, jirani yake Thadei alikuwa anapita.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, za kwenu?" ukajibu mtungi.

"Njema," akasema Thadei, akaenda zake.

Habari zikaenea, jumuiya ikaja. Mtungi ulimwamkia mwenyekiti, Mzee Hironimus, ukawaulizia wajukuu wake mmoja mmoja. Walisali rozari, wakanywa togwa, wakapiga soga na mtungi. Notburga alikaa pembeni akingoja mtu amuulize chochote. Alikuwa na majibu tayari.

Wakati wa kuagana, Mzee Hironimus alimgeukia Mama Renatha.

"Huyu ana adabu, si kama mwanao. Wiki ijayo tunasali kwangu. Uje naye."

Siku ilipofika, Mama Renatha alikuja na khanga mpya, akaubeba mtungi mgongoni.

"Wewe pumzika, mwanangu. Unaonekana umechoka."

Ni kweli alikuwa amechoka. Alitafuta la kusema, akalipata, akalisema vizuri kabisa: "Haya mama, wasalimie wote." Lakini mama alikuwa ameshafika barabarani, anazungumza na mtungi.